Je, wajua kwa nini kengele ya kanisa inagongwa tatu tatu?

Sisi tuliokulia karibu na parokia kengele tunaisikia tu, asubuhi imelia tunaamka, mchana imelia tunajua ni saa sita, ila ukimuuliza mtu kwa nini inagongwa tatu, kimya, tatu, kimya, tatu tena, alafu ndo inaachiliwa mfululizo, wengi wanabaki wanakuangalia.

Ni hivi, kengele inafata sala. Sala yenyewe ni Malaika wa Bwana, ina sehemu tatu kuhusu Maria kupashwa habari na malaika, na kila sehemu inamalizika na Salamu Maria moja. Kila sehemu inapewa mapigo 3. Ule ukimya wa katikati ndo nafasi ya watu kusali, na mpiga kengele anaeijua kazi anasali palepale alipo ameshika kamba, akimaliza Salamu Maria yake ndo anavuta tena. Ule mfululizo wa mwisho sehemu nyingine wanahesabu 9, kwingine wanaachia tu mpaka mkono ukubali. Kipindi cha Pasaka sala inabadilika inakuwa Malkia wa Mbingu, lakini kengele inabaki vilevile.

Na mbona mara tatu kwa siku? Haikuanza hivyo. Ulaya ilianza ya jioni kwanza, karne ya 14 Papa Yohane XXII aliikubali desturi ya kusali Salamu Maria tatu kengele ya jioni ikilia. Ya mchana ina historia ya vita, mwaka 1456 Papa Kalisti III aliagiza kengele zilie mchana watu wauombee mji wa Belgrade uliokuwa umezingirwa. Kwa saa zetu imekaa vizuri sana, kumi na mbili asubuhi, sita mchana, kumi na mbili jioni. Ndo maana Bagamoyo jioni unaweza kusikia kengele na adhana ya magharibi zikikaribiana, ila ukifatilia mwaka mzima utaona adhana inasogea dakika kadhaa kwa kuwa inafata jua kuzama, kengele inafata saa.

Sasa hapa kwetu desturi hii ilikuja na Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliotokea Zanzibar mwaka 1868 wakiongozwa na Padre Antoine Horner wakaanzisha misheni Bagamoyo, na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kikapiga Zanzibar na pwani hii, misheni ikaumia vibaya. Mnara wa kanisa lile la mwanzo bado upo, ndo huo watu wanauita Mnara wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mwingereza, kwa sababu tarehe 24 Februari 1874 watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walifika na mwili wake wakiwa wameubeba kutoka Zambia ya leo, ukalazwa pale kabla ya kuvushwa Zanzibar. Kanisa kubwa la sasa lilijengwa kati ya 1910 na 1914.

Wageni wakija wanapiga picha mnara kwa ajili ya Livingstone, sawa, lakini mimi nawafikiria zaidi wale wa kijijini. Maisha ya misheni yalikuwa na ratiba kali, sala, darasa, shamba, sala tena, na mtu aliyetoka kwenye minyororo akajikuta siku yake bado inapangwa na wengine. Hilo nalo liingie kwenye historia tunayowapa watalii.

Kuhusu sauti, kengele nzuri inayeyushwa kwa shaba na bati, kawaida shaba karibu asilimia 78 na bati 22. Bati ndo linaipa ugumu wa kulia muda mrefu, ukizidisha inakuwa dhaifu inapasuka. Mnara unajengwa mrefu ili sauti ipite juu ya mapaa na minazi. Kwenye vigango, yaani makanisa madogo ya vijijini chini ya parokia, visivyo na uwezo wanatundika ringi ya lori au kipande cha reli kwenye mwembe, na inalia vizuri tu, ilimradi ining'inie yenyewe, ukiigusa kwa mkono sauti inakufa hapohapo. Kengele kubwa ikiletwa askofu anaibariki, anainyunyizia maji, na kwa desturi ya zamani ilipakwa mafuta ikapewa na jina, ndo maana wazee wanasema kengele imebatizwa.

Kuna siku hutaisikia kabisa. Alhamisi Kuu inapigwa wakati wa wimbo wa Utukufu kwenye misa, baada ya hapo kimya, Ijumaa Kuu wanagonga vibao vya mbao, na Ufaransa walikotoka wale mapadre wengi watoto huambiwa kengele zimeruka zimeenda Roma. Zinarudi mkesha wa Pasaka, Utukufu ukianza tu zinapigwa zote kwa pamoja, za mnarani na zile ndogo za altareni, na vigelegele juu.