Je, wajua? Kaskazini haiivuti sindano ya dira

Ukiuliza pale bandari ya Malindi, Unguja, au katika skuli yoyote kisiwani, kwa nini sindano ya dira huelekea kaskazini, jibu utakalolipata mara nyingi ni kwamba huko kuna sumaku kubwa inayoivuta. Jibu hilo si sahihi. Uga wa sumaku wa dunia, yaani eneo lote linaloizunguka dunia ambamo nguvu yake ya sumaku huhisika, huigeuza sindano, lakini hauivuti.

Jambo hili linaweza kuthibitishwa nyumbani. Sugua sindano ya kushonea kwa sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, mara nyingi, kwa mwelekeo mmoja tu. Ilaze juu ya kipande cha kizibo, ielee katikati ya beseni la plastiki lenye maji, na feni izimwe. Itazunguka mpaka ilale kaskazini na kusini, kisha itulie palepale. Pengine kizibo kitasogea ukingoni, kwa sababu maji hujikunja kidogo yanapogusa beseni na kuvuta vitu vinavyoelea. Lakini kitafuata ukingo wowote ulio karibu, hata wa kusini.

Robert Norman, mtengenezaji wa dira wa London, alilichapisha jambo hili mwaka 1581. Alipitisha sindano katika kizibo, akakipunguza mpaka ikakaa katikati ya glasi ya maji bila kuzama wala kuibuka. Ikageuka, ikainama, haikwenda popote.

Kuinama huko ndiko kunakolimaliza jibu la mvuto, hasa kwetu sisi. London, ncha ya kaskazini ya sindano iliyo huru kuelekea popote huinamia ardhini. Zanzibar iko kusini ya mstari wa ikweta ya sumaku, ambapo sindano hiyo hulala sawa bila kuinama, unaopita Ethiopia, na hapa mambo ni kinyume: ncha ya kusini huinama, na ile ya kaskazini huinuka kuelekea mbinguni kwa zaidi ya digrii 30. Sasa fikiri: kwa kuwa dunia ni duara, ncha ya kaskazini ya dunia ukiwa Unguja iko chini ya upeo wa macho. Kama sindano ingevutwa kuifuata, ingeelekea chini. Haifanyi hivyo, kwa sababu inafuata mwelekeo wa uga mahali ilipo. Ndiyo maana dira iliyosawazishwa kwa matumizi ya Ulaya ikiletwa huku, sindano yake huweza kuinama na kukwaruza ndani ya dira.

Chukua mtumbwi unaoelea, umefungwa kamba mbili. Mtu mmoja anavuta omo kuelekea kaskazini, mwingine anavuta tezi kuelekea kusini, kwa nguvu zilizo sawasawa. Mtumbwi uliokaa upande utageuka. Ukishanyooka na kamba, hakuna tena cha kuugeuza, na kwa kuwa wavutaji wako sawa, hauendi kokote. Sindano nayo ina ncha mbili zilizo sawa daima. Ikate katikati, kila kipande kitakuwa na ncha zake mbili. Ukubwa wa uwezo huu wa kugeuzwa, pamoja na mwelekeo wake, ndio wanafizikia wanaouita momenti ya sumaku. Kitanzi cha waya chenye umeme kinayo pia, na kipimo chake ni mkondo mara eneo la kitanzi.

Mtumbwi utaondoka iwapo mmoja wa wavutaji atamzidi mwenzake. Ndivyo inavyokuwa sumaku ya spika ikisogezwa karibu na sindano: uga wake hupungua haraka kwa umbali, kwa hiyo ncha iliyo karibu huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko iliyo mbali, na sindano huruka. Uga wa dunia haupungui hivyo. Kutoka Mji Mkongwe hadi Nungwi, karibu kilomita 50, tofauti ya nguvu yake haifiki asilimia 1. Katika urefu wa sindano haina maana yoyote. Mwaka 1922, wanafizikia Otto Stern na Walther Gerlach waliitumia kanuni hii huko Frankfurt: walipitisha atomu za fedha katika uga uliotengenezwa makusudi usiwe sawa, na mkondo wa atomu ukagawika mara mbili. Katika uga ulio sawa ungepita moja kwa moja.

Na uga wa umeme je? Momenti ya sumaku iliyotulia haigeuzwi na uga wa umeme uliotulia. Chanuo lililosuguliwa kwenye nywele linaweza kuisogeza sindano, lakini litaisogeza hata ya shaba isiyo na usumaku, kwa hiyo hilo ni suala la chaji ya umeme tu, si la sumaku.

Hali hubadilika momenti inapokwenda. Inapoukata uga wa umeme, huuhisi kama una kiasi kidogo cha uga wa sumaku, sawa na kasi mara uga huo, kugawa kwa kasi ya nuru, kisha kugawa tena kwa kasi ya nuru. Tuseme boti ya Dar es Salaam inakwenda mita 15 kwa sekunde katika uga wa volti milioni 1 kwa mita, ambao ni thuluthi ya unaotosha kupasua hewa kwa cheche. Dira yake itahisi takriban sehemu 1 katika 200,000 ya uga wa dunia.

Ndani ya atomu kasi ni kubwa mno na uga wa umeme ni mkali mno, na hapo athari hiyo inapimika vizuri. Chumvi inayovunwa Pemba, ikirushwa motoni, huupa moto rangi ya manjano itokayo kwenye sodiamu. Manjano hiyo ni mbili zilizokaribiana, nanomita 589.0 na 589.6. Elektroni, chembe ndogo yenye momenti yake ya sumaku, inazunguka katika uga wa umeme wa kiini cha atomu, inauhisi kama sumaku, na momenti yake ikielekea huku au kule nishati hutofautiana kidogo. Tofauti hiyo ndiyo inayoigawa rangi.