Kiazi kidogo sio mbegu, ssebo (bwana)

Wiki hii tena kuna mtu wa Kisoro, huku Uganda, kanipigia: "Ssebo, vikubwa nimeshauza, vimebaki vidogo vidogo, si ndo mbegu hiyo?" Hapana! Nimechoka kujibu hili swali kwa simu, wacha niandike.

Ukubwa wa yai la kuku ni mzuri, hilo sibishi, hata mimi nauza wa hivyo. Shida ni kwa nini hicho kiazi kimekuwa kidogo. Shina lenye afya huzaa vikubwa na vidogo pamoja, shina lenye virusi, lile limedumaa na majani yamejikunja, huzaa vidogo vitupu. Sasa wewe umeuza vikubwa, umekula vya kati, kilichobaki sakafuni unakiita mbegu, kumbe humo umejaza mazao ya mashina yote yaliyougua, unapanda, unavuna, unabakiza vidogo tena, baada ya misimu kadhaa Victoria yako, ile aina ya kiazi mviringo, inazaa golori na unalaumu udongo. Na mkononi huwezi kuvitofautisha, ngozi ni ile ile nyekundu! Mbegu inachaguliwa shamba likichanua: chomeka kijiti kwenye kila shina lililonawiri, vuna hayo kwanza, weka kando. Hapo hata kiazi kidogo ni mbegu.

Halafu kuna aliyenirudishia gunia eti viazi vimekuwa kijani. Kwani ulitaka kuvipika? Kijani ni kwamba vimekaa kwenye mwanga, na ndivyo tunavyotaka, chipukizi zinatoka fupi, nene, ngumu, sio zile ndefu nyeupe za stoo ya giza ambazo ukizigusa tu zinakatika. Kikiwa na chipukizi moja tu juu, ing'oe, subiri zingine.

Mnyauko sasa, ule ugonjwa wa bakteria unaonyausha shina. Kata kiazi, kikamue, ukiona ute mweupe unatoka kwenye ule mviringo karibu na ngozi, au udongo umeganda kwenye macho, usipande hilo gunia, na kisu kioshe na jiki. Lakini nisikudanganye, huku Kabale kwenye baridi kiazi kinabeba hiyo bakteria na ndani ni kisafi kabisa, mimi sioni na ofisa kilimo haoni. Kwa hiyo naulizia shamba kilikotoka, na hata nikijibiwa vizuri roho haitulii mpaka mashina yangu yachanue bila shina kunyauka. Nikisikia huko wamepanda viazi juu ya viazi, msimu kwa msimu, sinunui hata kwa nusu bei.