Kuondoa programu na masalia yake yote kabla ya kuisakinisha upya

Programu ikigoma, watu wengi huambiwa "ifute, uiweke tena". Wanaifuta, wanaiweka, na tatizo liko palepale. Windows inapoondoa programu, kwa kawaida huondoa faili za programu yenyewe na kubakiza mipangilio ya mtumiaji. Watengenezaji wengi wameliacha hivyo kwa makusudi, ili ukirudi siku nyingine uyakute mambo yako ulivyoyapanga. Ikiwa faili iliyoharibika ni ya mipangilio hiyo, programu mpya itaikuta na kuisoma kama ilivyo.

Hatua zilizo hapa ni za Windows 10 na 11. Usianze na kufuta. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, kisha Enter. Chagua programu yako kwenye orodha; baadhi zina kitufe cha "Repair" au "Change" juu yake. Microsoft Office, kwa mfano, ukibonyeza "Change" hukupa "Quick Repair" isiyohitaji intaneti, na "Online Repair" inayopakua faili upya, kwa hiyo angalia bando lako kwanza. Huenda tatizo likaishia hapa.

Ikibidi kufuta, andaa mambo matatu. Kwanza, pakua faili ya kusakinishia kutoka tovuti ya mtengenezaji na uihifadhi. Usifute ukitumaini kuipata baadaye. Pili, leseni. Programu za kulipia zinazohesabu idadi ya kompyuta zinaweza kuendelea kuihesabu yako hata baada ya kuifuta, kwa hiyo izime leseni au utoke kwenye akaunti ukiwa bado ndani ya programu. Tatu, kazi zako. Hapa ndipo hasara kubwa hutokea, kwa sababu si kila programu huweka kazi kwenye "Documents". Thunderbird huweka barua pepe ndani ya %appdata%\Thunderbird\Profiles (andika njia hii kwenye Windows+R kuifungua), na Firefox huweka alamisho na nywila ndani ya %appdata%\Mozilla\Firefox\Profiles. Ikiwa barua zako zinapokelewa kwa POP (njia ya kuzishusha barua kwenye kompyuta yako) na seva haibakizi nakala, folda hiyo ya Thunderbird ndiyo nakala pekee duniani. Inakili kwenye flashi au diski ya nje kabla ya lolote.

Sasa funga programu kabisa, ukiangalia pia vialama vidogo karibu na saa, maana nyingine hubaki zikifanya kazi humo. Iondoe kupitia appwiz.cpl. Ukiulizwa kama ufute data na mipangilio pia, kubali, maadamu umeshanakili. Kisha chagua "Restart", si "Shut down". Tofauti hii ina uzito: faili zilizokuwa zikitumika hupangiwa kufutwa mfumo unapoanza upya, na kipengele cha "Fast Startup" hufanya "Shut down" isiuanzishe mfumo upya kikamilifu. Anayezima na kuwasha hudhani amemaliza, kumbe bado.

Kompyuta ikishawaka, tafuta masalia. Kwa Windows+R fungua %programfiles%, %programfiles(x86)%, %programdata%, %appdata% na %localappdata%, moja baada ya nyingine, ukitafuta folda yenye jina la programu au la kampuni yake. Usifute papo hapo: badilisha jina, mfano uongeze "_zamani" mwishoni. Programu mpya haitaitambua, nawe utaweza kurudi nyuma ukigundua umekosea. Folda yenye jina la kampuni iangalie ndani kwanza, kwani inaweza kubeba programu nyingine ya kampuni hiyo ambayo bado unaihitaji. Na C:\Windows\Installer usiiguse, hata ikiwa imejaza diski. Faili zake ndizo Windows inazitumia kurekebisha na kuondoa programu zilizobaki.

Rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo na programu, ni ya mwisho, na mara nyingi hutahitaji kufika huko. Ukilazimika, fungua regedit kwa Windows+R, nenda HKEY_CURRENT_USER\Software, kisha HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE na tawi lake la WOW6432Node. Bofya kulia ufunguo wa programu yako, chagua "Export" uhifadhi nakala, ndipo ufute huo tu. Programu zinazojinadi kusafisha rejista nzima kwa mbofyo mmoja hatuzishauri: nafasi zinayookoa ni ndogo mno, na zikifuta kisichofutwa huwezi kujua ni kipi. Programu ikikataa hata kuondoka kwa sababu taarifa zake kwenye rejista zimeharibika, Microsoft ina zana ya bure iitwayo "Program Install and Uninstall troubleshooter" kwa kazi hiyo.

Antivirusi haziondoki kwa njia ya kawaida kirahisi. Huweka draiva (programu ndogo inayofanya kazi ndani ya mfumo wenyewe) ndani kabisa ya Windows, nyingine zikikaa katikati ya kompyuta na mtandao. Draiva hiyo ikibaki bila mwenyewe, intaneti inaweza kukatika, au antivirusi mpya ikakataa kusakinishwa ikidai nyingine bado ipo. Ndiyo maana Kaspersky, ESET na Avast wana zana zao maalumu za kujiondoa. Pakua zana hiyo na faili ya antivirusi mpya kabla ya kuanza, maana baadaye huenda usiwe na mtandao. Zana ya ESET hutumika katika "Safe Mode", yaani Windows ikiwa imewaka na vitu vya lazima tu. Kabla ya kuingia huko hakikisha unajua nywila ya akaunti, kwa kuwa PIN inaweza kukataliwa, na uwe na ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (kipengele cha Windows cha kusimba diski) ikiwa diski imesimbwa. Bila ufunguo huo unaweza kujifungia nje ya kompyuta yako mwenyewe.

Printa nayo ina lake. Kuiondoa kwenye "Printers & scanners" hakuondoi draiva. Andika printui /s /t2 kwenye Windows+R, chagua draiva, bonyeza "Remove", kisha "Remove driver and driver package". Ikikataa ikisema draiva inatumika, anzisha upya huduma ya "Print Spooler" kupitia services.msc na ujaribu tena mara moja.

Umesakinisha upya na bado inagoma? Tengeneza akaunti nyingine ya mtumiaji kwenye kompyuta hiyohiyo, uifungue programu humo. Ikifanya kazi, kosa limo kwenye mipangilio ya akaunti yako ya kwanza: rudi %appdata% na %localappdata%. Ikigoma hata humo, shuku %programdata%, inayotumiwa na akaunti zote, au Windows yenyewe. Fungua Command Prompt kama msimamizi, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth ukiwa na intaneti, na ikimaliza, sfc /scannow; amri hizi hukagua na kurekebisha faili za Windows. Usishawishike kufuta matoleo mengi ya "Microsoft Visual C++ Redistributable" unayoyaona kwenye orodha ukidhani yanajirudia. Kila moja linaweza kuwa linategemewa na programu tofauti.