Kidonge cha Betakarotini Si Karoti

Wiki hii ni mgonjwa wa tatu kuniwekea chupa mezani. "Dokta, mboga sizipendi, ila antioksidanti nameza kila siku. Si ni yale yale?"

Si yale yale. Antioksidanti ni kemikali zinazosaidia kukinga seli zisiharibiwe, na iliyomo chupani ni betakarotini, ile inayoipa karoti rangi yake. Kama unavuta sigara, chupa hiyo inaweza kukudhuru.

Dhana hii ina chanzo chake. Waliokula mboga na matunda kwa wingi walionekana kuugua saratani ya mapafu mara chache zaidi, na damu yao ilikuwa na betakarotini nyingi. Watafiti wakadhani dawa imepatikana. Kule Ufini, wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000 waliingia kwenye jaribio, baadhi wakimeza miligramu 20 za betakarotini kila siku. Majibu yalitoka 1994: kwa waliomeza betakarotini, saratani ya mapafu ilizidi kwa asilimia 18. Marekani, jaribio jingine lililochanganya betakarotini na vitamini A lilisitishwa Januari 1996 kabla ya muda wake, ongezeko la saratani ya mapafu likiwa asilimia 28.

Karoti za kwenye sahani hazijaonyesha madhara hayo. Karoti huja na nyuzinyuzi na kemikali nyingine chungu nzima, kila moja kwa kiasi kidogo. Kidonge huchomoa moja tu na kuimwaga kwa wingi, na ndani ya mapafu yaliyojaa moshi inaweza kuchochea uharibifu uleule uliotaka kuuzuia. Mvuta sigara akinionyesha chupa hiyo, namwomba aiache siku hiyohiyo.

Yapo na mengine ninayoambiwa. "Mboga mbichi ndiyo bora." Inategemea. Vitamini C hupotelea kwenye maji ya kuchemshia, kweli. Lakini likopeni, rangi nyekundu ya nyanya, hufyonzwa vizuri zaidi ikipikwa na mafuta. Tazama mafuta yanavyogeuka mekundu sufuriani, ndiyo hiyo.

"Tunda haligombani na dawa." Balungi huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunjavunja simvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, nayo ikarundikana kwenye damu. Ukiandikiwa dawa mpya, uliza kuhusu balungi.

Kitunguu saumu nacho wengi hukitupa kwenye mafuta ya moto papo hapo. Kiponde kwanza, ukiache dakika 10. Alisini, kemikali inayokipa harufu yake kali, hutengenezwa baada ya kupondwa, na kimeng'enya kinachoitengeneza huharibiwa na moto.