Si mzunguko wa dunia unaofupisha safari ya kurudi Nairobi
Tangu Oktoba 2018, ndege ziendazo moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, mwendo wa karibu kilomita 11,800, hutumia takriban saa 15, ilhali safari ya kurudi kwa kawaida huwa fupi zaidi. Maelezo yanayosikika kila mara, hata kwa watu waliosoma, ni kwamba dunia huzunguka chini ya ndege na kuusogeza uwanja karibu nayo.

Dunia huzunguka kuelekea mashariki; kwa hiyo, kama hoja hiyo ingekuwa kweli, New York ndiyo ingeisogelea ndege iendayo magharibi, na safari ya kwenda ndiyo ingekuwa fupi. Kubwa zaidi, hewa nayo huzunguka pamoja na dunia. Abiria wa basi la Mombasa akirusha chungwa juu, humrudia kiganjani wala halimpigi aliyeketi nyuma yake, ingawa basi limeshasogea mita kadhaa.

Kinacholeta tofauti ni upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, hupita mkondo mkali wa upepo utokao magharibi, ambao majira ya baridi huweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Ndege ya kurudi husukumwa nao, ya kwenda hupambana nao. Karibu na ikweta mkondo huo haufiki, ndiyo maana tofauti yenyewe si kubwa sana.