Ngome ya Lamu haikujengwa na Wareno

Ukikaa uwanja wa Mkunguni, mjini Lamu, hukosi kumsikia mtu akimwambia mgeni kwamba ngome iliyo mbele yao ni kazi ya Wareno. Sivyo, na yafaa tuache kulirudia. Wareno walijenga Fort Jesus kule Mombasa, 1593 hadi 1596, na Waomani wakawafukuza humo mwaka 1698. Ngome ya Lamu ilianza kujengwa karibu 1813 na kumalizika 1821, zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Vilivyoizaa ni vita vya Shela, kijiji cha jirani na mji wa Lamu, vita vya watu wa pwani wenyewe kwa wenyewe. Jeshi la Pate, kisiwa cha jirani, likishirikiana na Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, lilishuka ufukweni Shela likitaka kuitia Lamu mkononi. Watu wa Lamu wakawatokea kwa nguvu, wavamizi wakarudi mbio kwenye vyombo vyao. Maji yalikuwa yamekupwa! Majahazi yamekaa juu ya mchanga, hayasukumiki, na wengi wakauawa pale pale.

Lamu ilishinda, ila ilihofia kisasi. Ikamwomba Seyyid Said wa Oman ulinzi, naye akaleta liwali na askari. Ngome ikakamilika chini ya himaya hiyo, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vifaa vile vile vya nyumba za mji. Baadaye serikali ya kikoloni iliigeuza jela, na jela ikabaki mpaka 1984.

Kuwapa Wareno jengo hili ni kuifuta Shela katika historia yetu.