Ukandaji kwa mtoto mwenye ADHD: maana yake na mipaka yake

Kiswahili hakitumii neno moja tu kwa kazi ya mikono juu ya mwili wa mtu. Aliyeteguka mguu huchuliwa, mzazi aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto, bibi harusi wa pwani husingwa, na mtoto mchanga, akishaogeshwa, hupakwa mafuta ya nazi kisha akanyooshwa mikono na miguu polepole mpaka macho yaanze kulegea. Kati ya hao wote, mtoto mchanga ndiye anayetusaidia zaidi kuielewa dhana tunayoieleza hapa, kwa kuwa yeye hana jeraha linalouguzwa wala sherehe inayomngoja; anakandwa ili mwili wake utulie na usingizi uje. Ukandaji kwa mtoto mwenye ADHD ni kazi ileile, ila mwenye kukandwa sasa ana miaka 7, 10 au 14, na utulivu anaohitaji ni mgumu zaidi kuupata.

ADHD ni kifupisho kinachotumiwa na madaktari kwa hali ya ukuaji wa ubongo ambamo mtoto hupungukiwa na umakini, au huwa na mhangaiko wa mwili na pupa ya kutenda kabla ya kufikiri, au huwa na yote mawili. Kwa mujibu wa mwongozo wa Chama cha Magonjwa ya Akili cha Marekani uliotolewa mwaka 2013, dalili hizo huhesabika tu zikiwa zimedumu kwa muda usiopungua miezi 6, zinaonekana katika mazingira mawili au zaidi, tuseme nyumbani na shuleni, zinamkwamisha mtoto katika maisha yake, na baadhi yake zilijitokeza kabla hajatimiza miaka 12. Mtoto anayeruka juu ya makochi kwa bibi yake lakini darasani anamaliza kazi yake vizuri hajatimiza sharti hilo. Kwa upande mwingine, wako wengi waliolitimiza bila mtu kutambua, ambao mtaani huitwa watukutu au wasiosikia, wakachapwa kwa jambo ambalo fimbo haiwezi kulirekebisha.

Tiba ya ukandaji, basi, ni matumizi ya mikono yaliyopangwa, yenye mgandamizo wa wastani na mwendo wa polepole, juu ya mgongo, mabega, mikono, miguu na nyayo za mtoto huyo, kwa muda maalumu na kwa kurudiwarudiwa, kwa lengo la kuutuliza mwili wake. Neno linalohitaji kuangaliwa kwa makini katika jina hilo ni la kwanza. Tukisikia “tiba” tunawaza ugonjwa unaondolewa, ilhali hapa hakuna kinachoondolewa. Ukandaji haubadilishi namna ubongo wa mtoto unavyogawa umakini wake. Unachoweza kufanya ni kushusha mhangaiko kwa kitambo, kulegeza misuli iliyokaza na kumfungulia mtoto mlango wa usingizi. Binafsi ningependelea uitwe kitulizo, kwa sababu neno hilo halimwahidi mzazi zaidi ya kilichopo.

Namna unavyotuliza inaeleweka kwa kiasi fulani. Mwili una mfumo wa fahamu unaoendesha mambo bila sisi kuamua, nao una pande mbili: mmoja huuamsha mwili kwa mbio na hatari, mwingine huushusha kwa mapumziko na usagaji wa chakula. Neva kubwa ya upande huu wa pili ni vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kushuka hadi moyoni, kwenye mapafu na tumboni. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba mgandamizo wa wastani huongeza kazi ya neva hiyo na mapigo ya moyo yakapungua, ilhali mguso mwepesi mno unaweza kuamsha badala ya kutuliza. Kila aliyewahi kumtekenya mtoto analijua hilo bila maabara. Mwendo nao una uzito wake: katika ngozi yenye vinyweleo kuna nyuzi za neva, zilizochunguzwa sana nchini Sweden, ambazo huitikia vizuri zaidi mpapaso wa kasi ya kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, yaani takriban kasi ambayo mama humpapasa mtoto bila kufundishwa na mtu.

Maelezo mengine yanayosambaa yanahitaji tahadhari. Husemwa mara kwa mara kwamba ukandaji hushusha kwa kiwango kikubwa homoni ya msongo iitwayo kotisoli. Mwaka 2011 mwanasaikolojia Christopher Moyer na wenzake walipozipitia tafiti zilizopima jambo hilo, walikuta athari hiyo kwa jumla ni ndogo sana, wakati mwingine haitofautiani na sifuri. Kwa hiyo mtu akitulia baada ya kukandwa, utulivu wake ni wa kweli, ila kotisoli pekee haitoshi kuueleza.

Kuhusu ADHD yenyewe, tafiti zinazotajwa zaidi ni mbili, na zote zilitokana na kazi ya Tiffany Field, aliyeanzisha Taasisi ya Utafiti wa Mguso katika Chuo Kikuu cha Miami mwaka 1992. Ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 1998, ilihusisha vijana 28 wenye ADHD, ambao wengine walikandwa na wengine wakapewa mazoezi ya kujilegeza, kwa siku 10 za shule zilizofuatana. Waliokandwa walisema wanajisikia wenye furaha zaidi, watazamaji waliona wanatapatapa kidogo kuliko awali, na baada ya wiki hizo mbili walimu wao waliwapa alama za chini za mhangaiko na kusema wanadumu zaidi kwenye kazi. Ya pili, ya mwaka 2003, ilikuwa na wanafunzi 30 wa umri wa miaka 7 hadi 18, na waliokandwa walipata dakika 20 mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja. Hisia zao ziliboreka baada ya kukandwa, na mwenendo wao darasani ukaonekana kuwa bora kadiri mwezi ulivyosonga.

Matokeo hayo yanatia moyo, lakini ni ya watu wachache na ya muda mfupi. Tena ipo shida ambayo haiwezi kukwepeka katika utafiti wa aina hii: unaweza kumpa mtoto kidonge cha unga mtupu asijue kuwa si dawa, lakini huwezi kumkanda bila yeye kujua kuwa anakandwa. Katika utafiti wa mwaka 2003, wale wasiokandwa walikuwa wakisubiri zamu yao tu, kwa hiyo hatuwezi kutenganisha kazi ya mikono na kazi ya jambo jingine lililokuwemo, yaani mtu mzima aliyeketi na mtoto mmoja kwa dakika 20 bila kumkaripia, bila simu na bila haraka. Kwa mtoto ambaye kutwa nzima amesikia jina lake likiitwa kwa ukali, dakika hizo peke yake si jambo dogo. Ndiyo maana ule wa mwaka 1998, uliolinganisha ukandaji na mazoezi ya kujilegeza, unanishawishi zaidi ingawa ni mdogo.

Miongozo ya tiba imekaa upande wa tahadhari. Ule wa Akademia ya Madaktari wa Watoto ya Marekani wa mwaka 2019 unataka mtoto mwenye ADHD aliye chini ya miaka 6 aanze kwa wazazi wake kufundishwa mbinu za kusimamia tabia, na aliyefikia miaka 6 apate dawa pamoja na mbinu hizo nyumbani na shuleni. Dawa inayotumika sana, methilifenideti, huongeza dopamini na noradrenalini katika sehemu za ubongo zinazosimamia umakini, kazi ambayo mikono haiwezi kuifanya. Ukandaji haumo katika matibabu yanayopendekezwa. Mzazi anaweza kuuongeza juu ya hayo. Akiuweka badala ya hayo amemnyima mtoto msaada wenye ushahidi mkubwa zaidi.

Nyumbani, saa inayofaa ni ile ya kabla ya kulala, kwa kuwa watoto wengi wenye ADHD husumbuliwa na usingizi, na mtoto aliyelala vibaya huamka na umakini pungufu zaidi. Televisheni izimwe kwanza. Mtoto alale kifudifudi kwenye mkeka au kitandani, na mzazi apashe viganja vyake kwa kuvisugua pamoja kabla ya kugusa, maana kiganja cha baridi mgongoni humrusha mtoto na kazi yote ikaanza upya. Matone machache ya mafuta ya nazi yanatosha. Viganja viwili vishuke kutoka mabegani hadi kiunoni, pande zote mbili za uti wa mgongo na si juu ya mfupa wenyewe, kwa uzito wa mtu anayelainisha unga uliokwisha kukandwa, si wa anayeanza kuukanda. Dakika za mwanzo atacheka, atageuka, atauliza maswali matano na kuomba maji. Hilo lisichukuliwe kuwa ukaidi. Asiyeweza kulala tuli akandwe ameketi, au aanziwe nyayo, ambapo kidole gumba kikikaza kutoka kisigino kuelekea vidoleni hakitekenyi kama mguso wa juujuu. Dakika 10 zinatosha kwa kuanzia, na zikifanyika saa ileile kila usiku mwili wenyewe huanza kuzitarajia.

Wapo watoto wasiopenda kuguswa, ambao hata lebo ya shati shingoni huwakera mchana kutwa. Mtoto akisema hataki, mikono iondoke, na isirudi mpaka yeye mwenyewe akubali; mtoto anayefundishwa kuvumilia mguso asioutaka anafundishwa jambo la hatari. Kwa sababu hiyohiyo mkandaji awe mzazi au mlezi, na akiwa mtaalamu wa tiba ya viungo au tiba kazi, mzazi awemo chumbani. Mtoto mwenye homa, upele, kidonda au uvimbe asikandwe. Dawa za kuchua zenye kafuri zisitumiwe hata kidogo, kwa kuwa kafuri ni sumu kwa watoto wadogo.

Mzazi anayetaka kujua kama mwanawe ananufaika atundike karatasi ukutani na kuandika, kwa wiki mbili kabla ya kuanza na wiki mbili baada ya kuanza, saa ambayo mtoto alilala kila usiku. Kisha amwombe mwalimu aandike kando, bila kuelezwa ni wiki zipi alizokandwa, kazi ngapi mtoto aliziacha katikati. Inawezekana kabisa karatasi ya ukutani ikaonyesha usingizi unaingia mapema, huku daftari la mwalimu likionyesha hesabu zilezile zilizoishia nusu. Karatasi hizo mbili ndizo za kumpelekea daktari, zote pamoja.